Mfipa Muislamu ni wa Wapi?

(Mada iliyotolewa mbele ya Waislamu wa Kaoze na vijiji jirani, bonde la Ziwa Rukwa)

  



Mada yetu ya leo haikuwemo katika ratiba ya darsa zetu. Imetokana na swali la kijana mmoja aliyebaki nyuma baada ya swala ya Alasiri, wenzake wakiwa wamekwisha kutoka. Kijana huyu amezaliwa huku bondeni. Baba yake ni Mfipa na babu yake ni Mfipa, na amerejea hivi karibuni baada ya miaka kadhaa ya kutafuta riziki Dar es Salaam. Alitueleza kuwa kule, kila alipojitambulisha kwamba kwao ni Sumbawanga, watu walicheka wakamuuliza kama alikuja kwa basi au kwa ungo. Alipoingia msikitini, waliosikia kuwa ni Mfipa walimuuliza amesilimu lini, ilhali amezaliwa Muislamu na baba yake Muislamu. Akavumilia, akajiambia kuwa hayo ni ya ugenini. Sasa amerudi nyumbani, na kwenye kikao cha ukoo baba zake wadogo wanamwita Mswahili. Akatuuliza: "Basi, masheikh wangu, sisi ni wa wapi?"

Hatukumjibu siku ile. Tulimwomba tu arudi Ijumaa. Ukweli ni kwamba swali hilo tumekaa nalo moyoni sisi sote tangu utotoni, na kila mmoja wetu amelinyamazia kwa njia yake: mwingine kwa kukata mguu katika shughuli za ukoo, mwingine kwa kuficha kabila lake akifika mjini, mwingine kwa kulalamika katika kila darsa kuwa nchi hii ina wenyewe na sisi si wenyewe. Leo tunataka kulijibu. Tunaomba mtuvumilie, kwani sehemu ya jibu inatuuma sisi tunaolitoa.

Tuanze na kicheko cha Dar es Salaam, kwa kuwa hicho ndicho chepesi. Kwa Watanzania wengi Sumbawanga ni neno la mzaha. Likitajwa, hufuata maneno ya ungo, radi na uchawi. Wanaocheka hawajui kwamba jina lenyewe, kwa tafsiri inayojulikana na wenyeji, maana yake ni kutupa uchawi. Jina la kuukataa uchawi limegeuzwa kuwa kichekesho cha kuutangaza. Mtu hucheka mahali asipopajua, na mkoa wetu haukufikika kwa wepesi mpaka miaka ya 2010, lami ilipojengwa kutoka Tunduma hadi Sumbawanga. Mzaha huu haumchagui Muislamu. Mfipa Mkatoliki huupata vile vile. Kilichomuumiza kijana wetu ni kuwa aliukuta ndani ya msikiti. Suratul Hujurat, aya ya 11, imewakataza waumini kuwadharau watu wengine, na ikatahadharisha kuwa huenda anayedharauliwa ni bora kuliko anayedharau. Na aya mbili mbele ikaeleza kuwa mataifa na makabila yamewekwa ili watu wajuane. Ndugu zetu wa pwani wanazisoma aya hizi kwa tajwidi nzuri kuliko sisi. Tunasema hivi kwa mapenzi, lakini tunalisema.

Uzito uko katika lile jina la pili, la Mswahili, kwa sababu linatoka kwa watu wa damu moja na sisi na lina historia ndefu.

Uislamu haukufika pande hizi kwa vitabu wala kwa walimu. Ulifika kwa misafara. Katika karne ya 19 wafanyabiashara Waarabu na Waswahili waliotoka pwani wakipitia Unyanyembe walifika mpaka mwambao wa Ziwa Tanganyika, na wengine walizunguka kusini mwa ziwa kwenda Itawa na Kongo. Hamed bin Muhammed, maarufu kwa jina la Tippu Tip, alimshinda Nsama wa Itawa mwaka 1867, na habari za maisha yake ameziacha kwa Kiswahili. Atakaye kuzisoma azisome. Watu wale walileta nguo, shanga na bunduki. Waliondoka na pembe za ndovu, na waliondoka na watu. Walikuwa na majina kama yetu na walifunga Ramadhani kama tunavyofunga sisi.

Hatuna sababu ya kulificha hilo, wala kulijibu kwa kutaja watumwa wa Wazungu waliovushwa bahari ya magharibi, kama wengi wetu tunavyofanya tunapobanwa. Hao wa magharibi nao walikuwa na dhulma yao. Katika hadith qudsi iliyopokewa na Bukhari, miongoni mwa watu watatu ambao Allah (s.w.) mwenyewe atakuwa hasimu wao Siku ya Kiyama ni mtu aliyemuuza muungwana akala thamani yake. Mfipa aliyekuwa akilima matuta yake ya mahindi na ulezi alikuwa muungwana. Hakukuwa na vita vya jihadi vilivyotangazwa Ufipa. Kulikuwa na soko. Kwa hiyo bibi wa Kifipa aliyesimuliwa na bibi yake habari za watu waliofungwa minyororo hakosei anapotetemeka akisikia neno Mswahili. Tunachomwomba ni asimtupie mzigo huo mjukuu wake, ambaye alimjua Allah (s.w.) bila kumwona mfanyabiashara hata mmoja.

Baada ya misafara ikaja misheni. Mwaka 1879 Wabelgiji waliotumwa na jumuiya ya Mfalme Leopold walijenga kituo Karema, kando ya Ziwa Tanganyika. Mwaka 1885 kituo hicho kikakabidhiwa kwa Mapadre Weupe. Karema leo imo katika Mkoa wa Katavi, uliomegwa kutoka Rukwa mwaka 2012. Mapadre wale waliwakusanya watoto waliokombolewa utumwani, wakajenga vijiji, kisha shule, kisha zahanati, na kazi hiyo ikapanda hadi uwanda wa Ufipa wote. Mzazi aliyetaka mwanawe asome alimpeleka misheni, na aliyempeleka misheni alijua atarudi na jina jingine. Hali ilikuwa hivyo mpaka serikali ilipozitwaa shule za mashirika kufuatia Sheria ya Elimu ya mwaka 1969. Yaani kwa zaidi ya miaka themanini, kusoma na kubatizwa vilipita mlango mmoja. Hapo ndipo Mfipa na Mkatoliki yalipokuwa kama maneno mawili ya kumtaja mtu mmoja, na Mfipa asiyekuwa Mkatoliki akaanza kuonekana ni mtu aliyepotea njia ya kwao.

Lakini tukiwa tunaizungumza Karema, yupo mtu mmoja ambaye tungependa Waislamu wamjue. Jina lake ni Adrian Atiman. Hakuwa Mfipa. Alizaliwa mbali sana, katika nchi za Mto Niger huko Afrika Magharibi, akatekwa angali mtoto, akapitishwa jangwani, akanunuliwa na mapadre hao hao, akasomeshwa uganga wa kizungu katika kisiwa cha Malta. Alifika Karema mwaka 1889 na akatibu watu hapo mpaka alipofariki mwaka 1956. Fikirini: mtu asiye na ukoo, asiye na lugha ya hapa, rangi yake tu ndiyo iliyofanana na ya wenyeji, akakaa miaka sitini na saba akifunga vidonda vya watu. Alikuwa katekista, na itikadi yake si yetu. Hata hivyo hatujamsikia mtu wa mwambao ule akisema kuwa Atiman alikuwa mgeni. Nasi tuliozaliwa hapa, tunaoijua hata njia ya kisima gizani, tunaitwa wageni.

Na ukichimba zaidi, mwenyeji wa Ufipa ni nani? Masimulizi ya Wafipa wenyewe, ambayo mtafiti Mwingereza Roy Willis aliyaandika kwa kirefu katika karne iliyopita, yanasema kuwa enzi ya kwanza ilikuwa Milansi, kisha wakaja wanawake wageni kutoka mbali, wakakikuta kiti mwenyewe hayupo, na kwao ukatoka ukoo wa Watwaci uliotawala Nkansi na Lyangalile. Mwenye Milansi akabaki na heshima yake ya kale, na wageni wakawa watawala. Wilaya ya Nkasi mpaka leo inabeba jina la himaya ya wageni hao. Hatuyasemi haya ili kumvunjia mtu asili yake. Tunayasema kwa sababu wazee wa Kifipa huyasimulia bila ya hasira, na watoto wao wangeweza kutusimulia sisi vivyo hivyo.

Sasa tuingie katika sheria ya nchi, kwa ufupi. Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977, ibara ya 13, imekataza ubaguzi, na ibara ya 19 imempa kila mtu uhuru wa dini yake. Kila mkazi wa kijiji aliyetimiza miaka kumi na minane ni mjumbe wa Mkutano Mkuu wa Kijiji. Sheria haikuuliza kama amebatizwa, wala kama kaburi la babu yake limo humo. Yapo malalamiko ya Waislamu wa nchi hii yanayojulikana: kuvunjwa kwa East African Muslim Welfare Society mwaka 1968, makubaliano ya mwaka 1992 baina ya serikali na makanisa, na mengineyo. Hatuyafuti, na wapo wanaoyafuatilia kwa hoja. Ila tumeona hatari moja. Muislamu wa kijijini huyasikia malalamiko hayo kwenye kanda na redio, akayafanya kuwa udhuru wa kutohudhuria mkutano wa kijiji unaofanyika hatua mia mbili kutoka mlangoni kwake. Mwaka 2012 baadhi yetu walikataa hata kuhesabiwa katika sensa. Tuliwaelewa, kwa kuwa swali la dini halijaulizwa tangu sensa ya mwaka 1967 na walitaka liulizwe. Lakini mtu anayelalamika kuwa haonekani, kisha akajificha anapohesabiwa, tumwambie nini?

Tena sisi watu wa Rukwa hatuna haja ya kwenda mbali kumwona mtu asiyekuwa na nchi. Mwaka 1972 Warundi walikimbia mauaji kwao, na wengi wao wakawekwa katika makazi ya Katumba na Mishamo, ambayo wakati ule yalikuwa katika mkoa wetu, na Ulyankulu mkoani Tabora. Walilima, wakazaa, wakazika. Watoto wao walizaliwa hapa na hawakuijua Burundi, na bado kutoka nje ya makazi kulihitaji kibali. Uraia wa watu wapatao 162,000 ulipitishwa mwaka 2010, na vyeti vyao wakavipata mwaka 2014. Miaka arobaini na miwili! Wale walikuwa na haki ya kuuliza wao ni wa wapi. Sisi karatasi zetu hazijawahi kutiliwa shaka. Ugeni wetu hautoki ofisini. Unatoka kwenye vikao vya ukoo, kwenye misiba na kwenye harusi, na huko ndiko tutakapoutafutia dawa.

Ndugu Waislamu, itazameni Qur'an inavyowataja Mitume waliopelekwa kwa watu waliowakanusha. Katika Suratul A'raf, aya ya 65, Allah (s.w.) anatueleza kuwa kwa kina Adi alipelekwa Hud, na anamwita ndugu yao. Aya ya 73, kwa kina Thamud alipelekwa Salih, ndugu yao. Aya ya 85, kwa watu wa Madyan alipelekwa Shuaib, ndugu yao. Udugu gani huu? Haukuwa wa imani, maana watu wale waliwaita Mitume wao waongo na wapumbavu. Ni udugu wa ukoo na nchi. Allah (s.w.) hakuufuta. Aliwatukuza Mitume wake kwa kuwaita ndugu wa watu waliowatukana. Na katika Suratu Ibrahim, aya ya 4, ametueleza kuwa hakumtuma Mtume ila kwa lugha ya watu wake, ili awabainishie. Sisi tuna khutba za Kiarabu na mawaidha ya Kiswahili. Ni lini mara ya mwisho bibi wa Kifipa alisikia habari za Allah (s.w.) kwa Kifipa kutoka kinywani mwetu? Babu zetu walimtaja Muumba kwa jina la Leza kabla ya padri na kabla ya sheikh. Mapadre walijifunza Kifipa. Sisi tuliozaliwa nacho tumekiacha nje ya mlango wa msikiti pamoja na viatu.

Mtu anaweza kutujibu kwa ile hadith mashuhuri aliyoipokea Muslim, kwamba Uislamu ulianza ukiwa mgeni na utarejea kuwa mgeni kama ulivyoanza, na kheri ni ya wageni hao. Vijana wetu wanaipenda sana hadith hii, wengine wameiandika kwenye fulana. Lakini ziko riwaya zilizowabainisha wageni hao kuwa ni wale wanaotengeneza watu wanapoharibika. Ni watu walio katikati ya wenzao, mikono yao imo kazini. Mtume (s.a.w.) mwenyewe alipolazimishwa kuhama Makka aliuambia mji ule kuwa ndio ardhi aipendayo mno, na lau watu wake wasingemtoa asingetoka. Mji ule ulikuwa na masanamu kuizunguka Al-Kaaba, na watu wake walikuwa wakitaka kumuua. Bado ulikuwa kwao, na hakuona haya kuulilia.

Sasa tufike kwenye lile linalotuuma.

Miaka michache iliyopita alifariki ndugu yetu mmoja aliyesilimu akiwa mtu mzima. Hatutaji jina wala kijiji. Ukoo wake wote ni Wakatoliki. Alifariki alfajiri. Sisi tulikusanyika upesi, tukamuosha, tukamvisha sanda, tukamswalia, na kabla ya Adhuhuri tulikuwa tumekwisha kumzika. Kuharakisha maiti ni Sunna, na kwa hilo haturudi nyuma. Lakini mama yake mzazi, bibi mkongwe, alikuwa njiani akishuka Lyamba lya Mfipa kutoka uwandani, na habari hiyo tulikuwa nayo. Tulijua kuwa angefika kabla ya Alasiri. Mmoja wetu alisema tumsubiri. Mwingine akasema tukisubiri watakuja na katekista na nyimbo zao, na itakuwa fitina. Tukamsikiliza huyu wa pili.

Mama alipofika alikuta udongo umekwisha kurudishwa na sisi tumekwisha kunawa. Hakupiga kelele. Alikaa kando ya kaburi kwa muda mrefu, kisha akasema kwa Kifipa maneno ambayo kwa Kiswahili maana yake ni hii: mmemzika mwanangu kama mtu aliyekutwa amefia njiani, asiye na kwao.

Wapo waliosema ni maneno ya mama aliyefiwa, yatapoa. Hayajapoa. Ukoo ule haujakanyaga tena penye shughuli yetu. Na sisi tunaona kuwa alisema kweli. Wanazuoni wengi wameruhusu kusubiri muda mfupi kwa ajili ya jamaa wa karibu, maadamu maiti haihofiwi kuharibika. Tulikuwa na nafasi hiyo katika sheria na hatukuitumia, kwa sababu tuliogopa nyimbo. Asma binti Abubakar (r.a.) alipomuuliza Mtume (s.a.w.) kuhusu mama yake mshirikina aliyekuja kumtembelea, Mtume (s.a.w.) alimwamuru aunge udugu na mama yake. Jeneza la Myahudi lilipita mbele ya Mtume (s.a.w.) akasimama, alipoambiwa kuwa huyo ni Myahudi, akauliza kama hiyo nayo si nafsi. Na Suratul Mumtahinah, aya ya 8, imetuweka wazi kuwa Allah (s.w.) hatukatazi kuwafanyia wema na uadilifu wale wasiotupiga vita kwa ajili ya dini wala kututoa majumbani mwetu. Bibi yule alitupiga vita gani?

Na wapo watoto. Marehemu ameacha watoto ambao ni Waislamu, na wanalelewa na bibi huyo huyo, kwa kuwa hakuna kati yetu aliyejitokeza kuwachukua wala aliyepeleka debe la mahindi. Tunaogopa watabatizwa. Tunazungumza hivyo kila tukikutana, kana kwamba bibi ndiye aliyetukosea.

Yapo mengine ya namna hii, madogo kwa kuyatazama. Katika ratiba za shule za msingi kipo kipindi cha dini, na kila dini huruhusiwa kupeleka mwalimu wake. Katekista hufika, mvua ikinyesha au jua likiwaka. Watoto wetu hukaa chini ya mti mpaka kipindi kiishe, kwa kuwa mwalimu wao hajaja. Mtoto anayekaa chini ya mti kila wiki kwa miaka saba hahitaji mtu wa kumfundisha kuwa yeye ni mgeni. Amekwisha kujifunza, na waliomfundisha ni sisi.

Na wazee wetu. Uislamu katika vijiji hivi umelindwa na wazee ambao hawakusoma Madina wala Morogoro. Walijenga misikiti ya miti na udongo, wakasoma maulidi, wakafundisha watoto alifu kwa kijiti. Tulipokuja na da'awa ya kurejea katika Sunna tulikuwa vijana, na tulisimama mbele ya wajukuu zao tukawaambia kuwa ibada zao ni bidaa. Katika masuala yenyewe msimamo wetu ni ule ule. Lakini kuna mzee aliyejenga msikiti kwa mikono yake, na tangu siku ile huswali nyumbani kwake. Tumemfanya mgeni katika nyumba ya Allah aliyoijenga yeye. Hilo hatukulisoma katika Sunna yoyote.

Pia huku bondeni wako Wasukuma waliokuja na ng'ombe wao kutafuta malisho, na sasa watoto wao waliozaliwa hapa wana watoto. Ugomvi wa shamba na malisho upo, na ng'ombe akiingia kwenye mpunga lazima mwenyewe alipe. Lakini tumewasikia Waislamu, watu wanaolia kuitwa wageni, wakisimama mkutanoni kuwaambia Wasukuma warudi kwao. Kwao wapi? Kijana wa Kisukuma aliyezaliwa Kaoze ana swali lile lile la kijana wetu, na sisi tumejipanga upande wa wanaocheka.

Basi jibu la kijana wetu ni hili. Wewe ni ndugu yao, kama Hud alivyokuwa ndugu wa kina Adi. Wakikuita Mswahili katika kikao cha ukoo, usitoke. Kaa, changia mchango wa msiba, beba jembe kwenda kuchimba kaburi la baba mdogo hata kama hutaswali swala yao, na ukiulizwa jambo ujibu kwa Kifipa. Mipaka ya ibada inajulikana na tutaendelea kuifundisha katika darsa. Kushika mpini wa jembe hakumo katika mipaka hiyo.

Kwa upande wetu tumekubaliana mambo machache. Kuanzia sasa Muislamu akifariki na wazazi wake wakiwa njiani, imamu hatatoa amri ya kuzika kabla ya kujua wamefika wapi. Kila baada ya Ijumaa yatakuwepo maelezo mafupi kwa Kifipa kwa wazee na kina mama. Mzee wetu anayeswali nyumbani atafuatwa na imamu mwenyewe, peke yake, bila ya ujumbe mrefu wa kumhutubia. Mahali pa makaburi tutapaomba katika Halmashauri ya Kijiji kwa barua, na tutafika mkutanoni kuitetea sisi wenyewe badala ya kusubiri mgeni rasmi kutoka mjini.

Ama yule bibi, watu wanne kati yetu watapanda kwenda kwake Jumamosi ijayo, inshaallah. Watachukua magunia mawili ya mpunga na nguo za shule za watoto. Hatujui kama atatupokea. Kijana aliyetuuliza swali ameomba awe mmoja wa hao wanne, kwa kuwa Kifipa chake ni kizuri kuliko chetu, na yeye ndiye atakayeanza kusema. Akirejea ataanza kwenda shuleni kwenye kipindi cha dini. Mwalimu mkuu amekwisha kukubali.